Sindano za Bibi Harusi

Mtaani walimwita Mzee Maziwa. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu nyuma ya nyumba, mweusi, mwenye paji jeupe lililoshuka hadi machoni kama shela. Marehemu mkewe ndiye aliyemwita Bibi Harusi, akamlea kwa chupa tangu ndama. Mke alipofariki, mzee akawa anaongea na ng'ombe kuliko na watu. Binti yake, fundi cherehani aliyeachana na mumewe na kurudi nyumbani, alizoea kuona umbea wa mtaa ukifika zizini kabla ya kumfikia yeye.

Asubuhi moja mbwa wa mitaani aliruka ua akamng'ata Bibi Harusi mdomoni. Majirani walimkimbiza mbwa huyo, wakamuua langoni, povu limemjaa mdomoni. Mzee alishika sabuni na ndoo, akaliosha jeraha kwa mikono mitupu, taratibu, huku akimbembeleza ng'ombe kama mtoto mwenye homa.

Daktari wa mifugo, mama wa makamo aliyevaa buti za mpira, alikuja upesi. Alimdunga ng'ombe sindano ya shingoni.

"Lakini huyu namchanja kila mwaka," mzee alisema. "Mpaka wananicheka, eti ng'ombe na kichaa cha mbwa wapi na wapi."

"Hapo ndipo ulipomwokoa. Mwili wake unamjua adui huyu. Sindano ya leo ni ya kuuamsha, utengeneze kingamwili haraka. Mtenge, mwangalie, na maziwa umwage mpaka nikwambie." Kisha akaitazama mikono ya mzee, iliyopasuka kwa maji na kazi. "Na wewe? Mate ya mbwa yameingia kwenye hizo nyufa. Nenda hospitali leo hii."

"Nitakwenda kesho. Nani atakaa naye?"

Binti alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia ingali shingoni. "Baba, ng'ombe unamchanja, wewe unajiona chuma? Mama keshaniacha. Na wewe ukiniacha, nibaki na nani? Mimi nitakaa naye."

Mzee akavaa viatu, akaenda.

Maabara ilithibitisha kwamba mbwa yule alikuwa na kichaa. Mzee akawa wa kwenda na kurudi hospitali kumalizia sindano zake, na kila alipoondoka binti alihamishia ushonaji wake kando ya zizi. Mwanzoni aliona haya. Ng'ombe alimtazama akitafuna, na ukimya ule ukamfungua mdomo.

Siku moja mzee aliwahi kurudi. Akiwa nyuma ya ukuta alimsikia mwanawe akimsimulia Bibi Harusi jinsi mume alivyokuwa akimnyamazia wiki nzima, na jinsi alivyoogopa kuyasema nyumbani, baba asije akazidiwa na huzuni juu ya msiba. Mzee alikohoa, akaingia, akapindua ndoo akaikalia.

"Endelea, mwanangu. Na mimi nipo."

Waliongea mpaka chakula kikaungua jikoni, hakuna aliyejali.

Bibi Harusi aliendelea kula vizuri, jeraha likafunga. Muda wa kumwangalia ulipokwisha, daktari alipiga simu: damu aliyoipima ilikuwa imejaa kingamwili, ng'ombe ni mzima, maziwa wayanywe. Mzee alijaribu kushukuru, machozi yakamzuia. Akampa binti simu.

"Ongea naye wewe," alinong'ona, "mimi siwezi."