Kichwa Kisichotobolewa

Shangazi yangu ni mfinyanzi, lakini vyungu hafinyangi. Anafinyanga vichwa vya watu, na watu wenyewe hawajawahi kuishi: wametoka kwenye daftari la hadithi aliloandika marehemu mdogo wake wa kike, ambaye mimi sikumkuta. Yupo mshonaji aliyekishonea kivuli chake suti, akakosea kipimo. Yupo bibi aliyesahau kuzeeka. Wamejipanga rafuni, macho yote mlangoni, na hata mchana kweupe ukifika karakana yake unajikuta unabisha hodi mara mbili.

"Wanakutazama kwa sababu unawatazama," Shangazi aliniambia. "Acha ushamba, lete maji."

Kichwa kimoja tu ndicho kilichomshinda: cha mdogo wake mwenyewe. Picha zake zote ziliharibiwa na mvua, haikubaki hata moja. "Uso wake ninao vidoleni," husema Shangazi, na siku hizi vidole hivyo vinatetemeka mpaka kikombe cha chai kinamgonga meno. Mara tatu amekifinyanga, mara tatu kimepasukia ndani ya tanuri. Mara ya mwisho tuliokota sikio moja.

Sababu niliigundua likizo hii. Vichwa vyake vina uwazi ndani, kwa hiyo kila kimoja hukitoboa kisogoni kwa sindano nene, mvuke upate pa kutokea kikichomwa. Alipofika kwa mdogo wake, mara hii ya nne, aliiweka sindano chini na kuanza kufuta mikono.

"Shangazi, hujatoboa."

"Najua."

"Sasa si kitapasuka tena?"

"Wewe na maswali yako, ungezaliwa polisi." Kisha akakaa. "Hospitalini walimtoboa mikono yote miwili, wakahamia miguuni. Mimi simtoboi."

Nikauangalia ule uso. Midomo imebanwa kama ya mtu aliyekatazwa kusema.

"Basi mwachie mdomo wazi kidogo, mvuke upite hapo. Sindano ya nini?"

Nilidhani atafurahi. Akainama.

"Siku ya mwisho alikuwa ananisimulia hadithi mpya," alisema, akiongea na udongo, si na mimi. "Maneno mawili, anakohoa. Maneno mawili, anakohoa. Nikamwambia nyamaza, mama, pumzika, utamalizia kesho. Akanyamaza."

Mimi, ambaye nyumbani wananiita redio, nikamsogezea maji. Shangazi alilowesha kidole gumba, akakiingiza taratibu katikati ya ile midomo, akihema kama mtu anayepanda ngazi.

Tulichoma siku nzima, tukangoja siku mbili tanuri lipoe. Alipolifungua, mimi niligeukia ukutani.

"Njoo umwone shangazi yako."

Kilikuwa kizima, chekundu, mdomo nusu wazi. Nilitaka kushangilia, lakini nilipochungulia lile giza la ndani ya mdomo, nilirudi nyuma hatua moja.

Shangazi akakipakata, akakiinamishia sikio. "Nenda kaoge, una majivu mpaka kwenye kope."

Nikatoka, nikafunga mlango, na kwa vile sina adabu, nikasimama palepale. Kisha nikamsikia Shangazi akicheka kidogo, na kuuliza, "Halafu?"