Nyanya ameitoa sarafu yangu kifungoni

Wiki tatu nimeogopa kupasua plastiki moja. Leo nyanya yangu, Kukhu, ameipasua na mchi.

Ndani kulikuwa na senti kumi ya kitambo, ile ya tundu katikati. Nilikuwa nimeituma ng'ambo ipimwe ubora, ikarudi imefungiwa humo.

Nimetoka tu kununua mkate. Kurudi, napata sarafu inang'aa. Ameisugua na jivu.

Wenye kukusanya sarafu mnajua. Ukisugua, thamani imeenda.

"Kukhu, umefanya nini?"

"Si ilikuwa chafu bana. Na nani hufunga pesa hivyo, kwani iliiba?"

Ameitia uzi, amemvisha binti yangu shingoni, vile alivyovishwa yeye akiwa mdogo. Mtoto amekimbia nayo kwa jirani kuringa.

Mimi nimebaki na kibandiko cha ile plastiki. Kimeandikwa: haijawahi kutumika.