Soksi Nilizobatizwa Nazo

Ipo Jumapili moja ya miaka ya tisini ambayo naikumbuka mpaka kwenye soksi, mwanangu, kwa sababu soksi zenyewe zililowa. Nimeikumbuka tena juzi uliponiambia kwa furaha kwamba umepata kikundi cha kusali ambacho wote mnawaza sawa, hakuna anayempinga mwenzake. Nilifurahi nawe. Halafu nikaingiwa na wasiwasi, maana wasiwasi ndiyo kazi yangu ya asili. Hata barua hii naianza upya sasa, za kwanza zilikuwa na makosa ambayo wewe usingeyaona.

Wakati ule nilikuwa kijana, fundi redio mtaa wa Kashaulili, pembeni ya soko. Ufundi wenyewe hakuna aliyenifundisha. Nilifungua redio mbovu ya baba, nikaiharibu zaidi, nikaifungua tena na tena mpaka siku moja ikaongea. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo chuma cha kulehemu nilikitia kwenye jiko la mkaa, kama mtu anayechoma mahindi. Wateja walinipenda lakini nilikuwa nawachosha. Redio ikishapona, sikuitoa. Niliifungua tena kuhakikisha, na mara nyingine niliiua katika kuhakikisha.

Imani nayo niliiendea hivyo hivyo. Nilimwamini Kristo, hilo sikuwa na shaka nalo. Nilisoma Biblia peke yangu kwenye meza ya kazi, harufu ya risasi ya kulehemu ikinipanda puani. Lakini nikigundua nimesoma sura moja huku nawaza chakula, nilirudi mwanzo kabisa, kwenye kuumbwa kwa dunia. Ndiyo maana kwa muda mrefu sana sikuweza kuvuka zile sheria za dhabihu. Nilizijua figo za kondoo kuliko mchinjaji wa soko letu.

Kila jioni walikuja rafiki zangu watatu. Mkubwa wao alikuwa Osward, Mfipa muuza mitumba, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. Tulikaa kwenye viti vya mbao tukazungumza habari za Mungu, na nakwambia kweli, ule ulikuwa wakati mtamu. Mmoja akisema jambo, wa pili anasema kweli kabisa, wa tatu anasema kabisa. Mimi ninayeogopa kukosea nilikuwa nimepata watu ambao mbele yao sikosei.

Kuhusu ubatizo, tulikuwa tumekubaliana.

"Ubatizo si mchezo," Osward alisema. "Mtu akizama lazima awe amekamilika. Ukizama na hasira zako, unatoka nazo zimelowa."

"Kweli kabisa."

"Kabisa."

Basi tukawa tunasubiri kukamilika. Kila tukikaribia, mmoja wetu alikumbuka sharti jingine, na wote tuliliona la maana sana. Darasa la ubatizo nililihudhuria hadi nikawa namsaidia Mwinjilisti Yeremia kuwaeleza wageni. Wao walikwenda mtoni, mimi nikabaki kupanga mabenchi.

Katika darasa la mwaka ule alikuwapo Bibi Kabula. Familia yake ilihamia kijiji cha Litapunga na ng'ombe wao kutoka Usukumani, na yeye alikuja darasani kwa mguu, fimbo begani kama mwanamume. Maswali yalimpiga chenga. Aliulizwa mitume, akataja na wajukuu wake wawili. Kila asubuhi alinisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, fundi," na nikimjibu vibaya alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Siku moja kabla ya darasa nilimuuliza kama watu wa nyumbani kwake wamekubali.

"Wamekaa kikao," alisema. "Wanangu, wakwe, mpaka shemeji aliyekuja kununua ndama. Wote wakasema hapana, nani atawakumbuka wazee wetu waliokufa."

"Ukafanyaje?"

"Nikawaambia kaeni tena, uji upo. Mimi Jumapili naenda mtoni."

Nilicheka, lakini usiku usingizi ulikuja kwa shida. Yule bibi hakuwa na hata mtu mmoja wa kumwambia kweli kabisa. Mimi nilikuwa nao watatu.

Jumapili ile tulikwenda mtoni kwa miguu na baiskeli, tukiimba. Pale ndipo akina mama walipofulia, na wavulana walikwisha piga maji kwa matawi, kwa sababu kiboko haulizi kama mnasali. Mimi nilivaa viatu vyangu vya pekee, nimevipaka dawa usiku, na soksi nyeupe. Nilikwenda kutazama. Osward na wenzake walisimama ukingoni, mikono kifuani, nao wakitazama.

Ilipofika zamu ya Bibi Kabula, alitia mguu mmoja majini akautoa. Alikozaliwa maji yalikuwa ya kisima cha kunyweshea ng'ombe, hakuwahi kuingia mahali panapopita kiuno.

"Mama, njoo," Mwinjilisti Yeremia alimwita kutoka katikati, mtu mwembamba kama mwanzi.

"Nije unishike na nini? Mikono yako ni ya kushika chaki hiyo." Akageuka, akaniona. "We fundi! Njoo unishike, mjukuu wangu. Wewe angalau unabeba mabetri."

Watu walicheka. Nilitazama viatu vyangu. Nilitaka kuvivua, lakini alikwisha kunikamata mkono, na kucha zake ziliniambia kwamba mzaha ule wote ulikuwa hofu. Nikaingia naye jinsi nilivyo. Maji yalijaa kwenye viatu, yakapanda kwenye suruali ya kanisani, na matope yakazinywa soksi zangu.

Tukamzamisha, mwinjilisti upande huu na mimi upande ule. Akaibuka anakohoa, akafuta macho, akapiga kigelegele kilichowarusha ndege ng'ambo.

"Kumbe ndiyo hivi tu!" akasema. "Na mimi nimeogopa miezi yote hii!"

Kisha Mwinjilisti Yeremia akanitazama.

"Na wewe, fundi?"

"Mimi bado."

"Bado nini?"

Mwanangu, nilikuwa na majibu mengi mazuri. Nilikuwa nimeyafundisha. Likanitoka la kweli, ambalo sikujua kama nalo lipo: "Bado hatujakubaliana."

"Nyie na nani?"

Nikatazama ukingoni. Naye akatazama huko huko. Osward akaniita, "Fundi, tulisema nini sisi?"

"Mimi nakuuliza kama unamwamini Kristo," mwinjilisti alisema, taratibu, kama anayeongea na mgonjwa. "Sikukuuliza Osward anasemaje. Miaka yote nadhani unamsubiri Mungu. Kumbe unasubiri vichwa vitatu vitikisike!"

Sikuwahi kukemewa na mtu aliyelowa mpaka kifuani. Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana alikuwa amefungua kifuniko na kuona waya uliokatika. Wale wenzangu hawakuwa wabaya. Ila niliwapenda kwa sababu walikubaliana na woga wangu, nami nikauita woga ule heshima kwa Mungu.

"Ameshalowa huyu," Bibi Kabula alisema. "Amalizie tu, tukale."

"Ngoja nivue viatu," nikasema. "Nina soksi."

"Zitabatizwa nazo," akasema mwinjilisti, na ukingo mzima ukaangua kicheko.

Akaniuliza lile swali mbele ya wote. Nilijibu ndiyo bila kutazama ukingoni. Chini ya maji palikuwa kimya na rangi ya chai. Nilipoibuka, sikuwa nimekamilika. Hasira zangu zilikuwepo, wasiwasi ulikuwepo, na kiatu kimoja kilikuwa kimebaki kwenye matope. Lakini nilikuwa wa Kristo na nilikuwa nimelisema hilo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Wenzangu waliacha kuja, na vile viti vya mbao vilikaa vitupu jioni nyingi. Niliisikia redio ninayoitengeneza ikiongea peke yake, nikatamani mtu wa kusema kabisa. Halafu siku moja Osward akaja na redio yake kwapani, amenuna.

"Inakoroma," akasema.

"Kama mwenyewe," nikamjibu.

Akakaa. Tukaendelea hapo. Ndiye aliyenisimamia kwenye harusi yangu na mama yako, na mpaka leo anasema nilifanya haraka kubatizwa. Hatujakubaliana, na tunakula sahani moja. Bibi Kabula naye aliendelea kuja kanisani peke yake kwa muda, kisha akaja na mkwe mmoja, ambaye alisema amekuja tu kumshikia fimbo.

Kwa hiyo mwanangu, kikundi chako usikiache. Kaeni, msome, mcheke. Ila jichunguze siku utakapotoka pale ukiwa na amani: ni kwa sababu umemsikia Bwana, au ni kwa sababu hakuna aliyekubishia? Amani hizo mbili zinafanana sana ukiwa umekaa. Zinatofautiana unapotakiwa kuinuka. Akikuita mahali ambapo wenzako wote wanasema bado, usiwachukie, usiwasubiri. Nenda. Na usingoje mpaka uwe msafi, maana kule unakoitwa ndiko kuna maji.

Mungu wa baba yako mwenye wasiwasi akutangulie kwenye kila mto. Akupe rafiki wa kukubaliana naye na bibi wa kukuvuta mkono. Na siku viatu vyako vitakapolowa kwa ajili yake, akukaushie yeye mwenyewe. Na kiatu kitakachobaki kwenye matope, usikirudie.