Pikapu ya Théoneste na Ukuta wa Donatille

Jirani yangu Théoneste Munyaneza hakulia mkewe alipokufa. Mtaa wetu mzima wa Mbugangari ulilisema hilo, na mimi, Mama Shema, nililisema kwa sauti kuliko wote. Donatille alikuwa rafiki yangu. Presha ilimwondoa asubuhi moja ya masika, chai ikiwa bado jikoni, na mumewe akakaa matanga yote akipokea mikono ya watu kama anavyopokea karatasi zao dirishani, kwenye ofisi ya ardhi anakofanya kazi ya kupima viwanja. Matanga yalipokwisha, Jumamosi iliyofuata nilisikia nyundo uani kwake. Nikachungulia. Mtu amelala chini ya gari bovu, miguu tu ndiyo inaonekana.

Hasira zilinipanda. Kaburi la mke halijakauka, yeye anacheza na vyuma!

Gari lenyewe ni pikapu ya Kijapani waliyorudi nayo kutoka Masisi, ng'ambo ya mpaka, wao na magodoro yao. Miaka ya nyuma Théoneste alikuwa akibeba viazi nayo siku za mapumziko. Jioni alipiga honi pale kwenye kona, na Donatille, hata awe anasonga ugali, alitoka akipangusa mikono kwenye kitenge, aje kumfungulia geti la mabati. Sisi majirani tuliwacheka. Mwanamume mzima, ana mikono miwili, hawezi kushuka akafungua mwenyewe?

Kisha injini ikafa. Pikapu ikawekwa juu ya mawe, kuku wakahamia ndani. Mwaka volkeno ilipolipuka ng'ambo, matetemeko yaliangusha uzio wao na geti lake. Donatille akajenga ukuta wa mawe meusi pamoja na fundi Evode. Mawe aliyachagua mwenyewe, udongo akauchanganya mwenyewe, na aliacha mlango wa kupita mtu na toroli lake. Nikamwuliza, na gari je?

Akacheka. "Voiture ile ni maiti, Mama Shema. Maiti inatokaka na mabega ya watu."

Naye ndivyo alivyotoka, kwa mlango huohuo.

Lakini kabla ya hapo binti yao Umutoni alichumbiwa na kijana wa Kanama. Mimi nimezaliwa Karagwe, ila desturi hii tulikuwa nayo hata kule: binti wa Kinyarwanda haendi kwa mume mikono mitupu. Wazazi humpelekea vyombo vya kuanzia nyumba, na mtaa mzima hutoka kutazama vinapita juu ya gari gani. Donatille alikuwa amejaza chumba cha nyuma: masufuria, mikeka, vikapu, blanketi bado zimo kwenye nailoni. Wiki chache kabla ya kufa alimwambia mumewe, mbele yangu, "Bintu bya Umutoni bisipande voiture ya kukodi. Tengeneza ile yako." Théoneste akajibu, "Ndiyo." Ahadi ni deni. Sikuikumbuka siku ile niliyochungulia, maana hasira haina kumbukumbu.

Nilipoikumbuka nikaanza kumpelekea chakula. Siku moja nilimpelekea ugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu. Nilipofika kwangu nikaonja zilizobaki: hazina chumvi hata chembe. Nikarudi mbio. Alikuwa amemaliza sahani.

"Zilikuwaje?"

"Iko muzuri."

"Hazina chumvi, Baba Umutoni."

Akaitazama sahani. "Mi sisikie kitu, Mama Shema. Hapa ndani iko kama mukono wenye umelalia, wenye ganzi. Nikishika spana, bon, spana najua iko baridi."

Nikachukua sahani, nikarudi nayo kwangu.

Basi kila Jumamosi alishika spana. Akirudi kutoka ofisini jioni, vilevile. Alifungua kabureta na kuiosha kwenye sinia la Donatille la kuchambulia mchele. Alikwangua kutu kwa msasa mpaka vidole vikachubuka. Akaziba matundu ya sakafu, akaleta matairi, akapaka rangi ileile ya maziwa ya zamani. Hakuharakisha wala hakupumzika. Hata siku injini ilipoitika, akakohoa nayo katika moshi uleule, hakutabasamu. Aliizima, akanawa mikono.

Ijumaa kabla ya harusi mashangazi walifika na nyimbo zao, wakapakia vyombo, wakafunga kamba. Umutoni alivaa vizuri. Théoneste akawasha gari, akaliondoa pale lilipokaa miaka yote hiyo, akasogea mpaka mlangoni. Akasimama.

Hapo ndipo sote tulipokumbuka. Mlango ulikuwa wa mtu na toroli.

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mpimaji wa viwanja! Anapima ardhi ya wilaya nzima, mlango wa kwake haupimi! Nami nilicheka, sitaki kudanganya. Kisha nikauona uso wake, kicheko kikanifia mdomoni.

Evode akasema tushushe vyombo, tuvitoe kwa mikono, tutafute gari la kukodi barabarani. "Saa hizi tunapata."

"Hapana ya kukodi," akasema Théoneste.

"Sasa tufanye nini, muzee? Ulikuwa hujui mulango ni mudogo?"

"Nilijua." Alisema polepole, mikono bado iko kwenye usukani. "Tangu mwanzo nilijua. Lakini huu ukuta alijenga na mikono yake. Nikasema, nitengeneze kwanza voiture. Ile ya ukuta nitajua nikifika."

"Na umefika," nikamwambia.

"Nimefika. Sijui."

Nyimbo zilikuwa zimekoma. Umutoni akapita kati ya mashangazi, akaweka mkono dirishani mwa gari.

"Papa, Mama alisemaka voiture. Hakusema ukuta."

Baba yake akauachia usukani. Kisha akashuka, akachukua nyundo kubwa kwa Evode, akapiga yeye wa kwanza. Alisema neno moja tu, kwamba mawe yasitupwe. Tukayapokezana kama siku ya umuganda, ile kazi ya mtaa wote, tukayapanga kando ya njia, na pikapu ikapita na vyombo vyote, mtaa mzima ukitazama. Ikashika barabara ya Kanama. Hata nilivyoshangilia, nilimwona dereva: uso uleule.

Jioni nilikuwa naosha vyombo nikasikia honi pale kwenye kona. Honi ile. Nikangoja nisikie gari likiingia, sikusikia. Ikalia tena, safari hii mlangoni.

Nikatoka. Théoneste alikuwa amesimamisha pikapu tupu mbele ya pengo, injini inanguruma, mikono kwenye usukani. Pengo lilikuwa pana, hata lori lingepita. Hapakuwa na geti. Yeye alikuwa anangoja afunguliwe.

Mikono yangu ilikuwa na povu. Nikaipangusa kwenye kitenge, nikasimama penye pengo, sina cha kufungua.

"Ingia, Baba Umutoni."

Aliitazama mikono yangu. Kisha akalaza kichwa kwenye usukani akalia, kwa sauti, mpaka wapita njia wakasimama. Sikumnyamazisha. Nilikaa juu ya mawe ya Donatille nikalia naye, na injini iliendelea kuwaka.