Bundi Aliyelia Saa Saba Mchana

Moshi wa kuni za mkaratusi una ukali unaokaa kooni, na kila nikiunusa narudi kwenye majira ya baridi nilipokuwa darasa la sita, Lushoto, wakati ukungu ulikuwa hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Mwaka huo mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha igizo la mfalme aliyeuawa usingizini na mwenyeji wake. Baada ya mauaji, alitueleza, jua linakataa kutoka, farasi wanatafunana, bundi analia mchana kweupe. "Mwalimu, huku kwetu farasi nani kamwona? Weka punda!" mmoja alisema, na darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepewa sauti ya bundi, na nilitaka iwe ya bundi, si ya mtoto anayeiga bundi.

Nilijifunza peke yangu. Kwa wiki mbili nilifumbata viganja na kupuliza kati ya vidole gumba, nyuma ya shamba letu la kabichi, hadi midomo ikapasuka. Jumatano moja, baada ya swala ya adhuhuri, sauti ikatoka: nzito, yenye mtetemo mwishoni. Nikairudia mara tatu ili kuhakikisha. Sikukumbuka kwamba dirisha la bibi lilielekea huko. Bibi, mzaa mama, alikuwa anaumwa kifua, na kesho yake mama alikuwa ampeleke hospitali, Bumbuli. Gari lilikwisha kukodiwa.

Nilipoingia ndani nilimkuta bibi ameketi kitandani, anafungua kifurushi cha nguo za safari.

"Zirudishe sandukuni, mwanangu. Siendi," alimwambia mama kwa Kishambaa.

"Mama, yule ni ndege tu."

"Ndege tu! Wewe bundi wa mchana umemsikia lini? Huyo hakufuata kuku wako, kanifuata mimi. Sitaki kufia barabarani kama gunia la kabichi."

Nilikuwa mlangoni. Ilitosha kusema, "Bibi, ni mimi." Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba niliogopa kuchapwa. Si kweli. Niliona fahari. Bibi, aliyezaliwa kando ya msitu, alikuwa amedanganyika! Nikiungama, nitakatazwa kuigiza. Nikaamua nitasema baada ya igizo. Igizo lilikuwa Ijumaa, na nilipigiwa makofi. Bibi alifariki alfajiri ya Jumamosi. Jua likatoka kama kawaida, tena bila ukungu.

Sasa nina miaka ishirini na minne, na siwezi kutuma ujumbe wa simu bila kuusoma mara tano. Pengine dawa zisingemsaidia bibi. Sijui, na mimi ndiye niliyehakikisha kwamba hakuna atakayejua. Wageni wakija, mama bado huwasimulia: "Mama alikuwa mtu mkubwa, hata ndege walijua." Wao hunigeukia, nami huitikia kwa kichwa. Wakati ule maneno matatu yangempeleka bibi Bumbuli. Leo maneno hayohayo yatamnyang'anya mama kitu pekee kinachompa amani, kwamba siku ya mama yake ilikuwa imefika.