Jina Ubavuni mwa Meli

Enoch Tapsell alichonga maji. Miaka thelathini na moja katika karakana moja ya London, nyuma ya mtaa wa wapiga chapa, kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: mawimbi, mvua, mito, mara mojamoja bakuli la supu. Nyuso walipewa wengine. Gazeti la vibonzo lilitoka kila Jumatano na halikumngoja mtu, kwa hiyo mchoro mkubwa ulichorwa juu ya vibao vidogo vilivyoungwa kwa skrubu, kisha vikafunguliwa, kila fundi akapewa chake achonge, halafu vikaungwa tena na kupigwa chapa. Ukichonga bahari, hukujua ni nani anayezama.

Hakuwa msemaji hata zamani, ila tangu Novemba alikuwa karibu bubu. Mwanawe wa pekee, Wilf, alikuwa baharia katika meli ya kubeba makaa iitwayo Hannah Croft. Ilikuwa meli kuukuu, imepakwa rangi mpya juu ya mbao zilizooza, kisha ikapakiwa mpaka sitaha ikakaribia kulamba maji. Wilf aliandika kutoka bandarini: "Baba, wenzangu watatu wamekataa kupanda, wametiwa jela. Na mimi naogopa. Nifanyeje?"

Enoch alijibu siku ile ile, maana alijiona mtu mwadilifu. "Umeshatia sahihi mkataba, mwanangu. Ahadi ni deni. Nenda."

Wilf akaenda. Meli haikufika. Mwenye meli alilipwa bima yake, akanunua nyingine, na magazeti yaliipa habari ile mstari mmoja, tena jina la meli yakalikosea. Majirani walimpa Enoch pole kwa wiki moja, wakachoka. Mkewe alikuwa ametangulia zamani. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo ndiye pekee aliyebaki naye chumbani. Alitaka kitu kimoja tu duniani: watu walisome jina lile, waulize wale vijana wako wapi.

Asubuhi moja ya Machi msimamizi wao, Hoskin, alimwekea kibao mezani.

"Mzee Tapsell, maji yako hayo. Leo tumekutilia na ubavu wa meli, usije ukasema tunakunyima nyama."

"Meli gani?"

"Meli mbovu, wewe vipi? Mwenye meli kachorwa na kitambi chake, kakalia majeneza anakunywa mvinyo. Watu watacheka mpaka wamwage chai! Lakini ubavu uwe mtupu, umenisikia? Tukitaja jina la meli ya mtu, kesho tuko mahakamani."

"Nimesikia."

"Si kusikia tu, mzee wangu. Usiniongezee hata unywele."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya karakana: fundi hachongi mstari ambao mchoraji hakuuchora. Enoch hakuwahi kuivunja. Ukungu ulikuwa umeziba dirisha, akawasha taa, akainama. Alipomaliza mawimbi, mkono ulipanda wenyewe mpaka ubavuni, akaanza kuchonga jina kwa herufi ndogo, juu kidogo ya maji. Alikwenda polepole, na kwa kila herufi alimwambia mwanawe maneno ambayo hakuyaandika kwenye barua. Kataa. Shuka. Rudi nyumbani. Machozi yalidondoka mezani, akayafuta kwa mkono wa shati.

Jumatano alivaa koti lake la msiba, akaenda kusimama mbele ya duka la magazeti. Watu walikuwa wamejazana dirishani, palipobandikwa gazeti jipya.

"Mtazameni nguruwe huyo!" alisema mama mmoja muuza samaki. "Hicho kitambi si angekitia baharini kikaelea!"

Walicheka sana. Enoch akangoja. Karani mmoja mwenye miwani aliinama karibu na kioo.

"Na haya makwaruzo ubavuni ni nini?"

"Mwani, bwana," alijibu muuza samaki. "Meli mbovu hiyo."

Enoch akajipenyeza, akatazama. Siku ya kwanza kabisa mwanafunzi wa kuchonga hufundishwa kwamba chapa hugeuza kila kitu, kwa hiyo maandishi huchongwa kinyume. Miaka thelathini na moja hakuwahi kusahau. Lakini jina lile alikuwa amelichonga kama mtu anavyomwandikia mtoto wake barua, na kwenye karatasi limetoka kinyumenyume, makwaruzo madogo katikati ya povu. Hoskin mwenyewe alikuwa ameyapitisha, naye akidhani ni mwani. Hakuna aliyekuja kumfukuza kazi, na hakuna aliyeuliza lolote.

Alinunua nakala moja, akarudi nayo chumbani. Nyuma ya picha kubwa karatasi huachwa tupu. Aliibandika kwa viganja kwenye kioo cha dirisha, picha ikitazama nje, na mwanga ulipopenya jina likanyooka: Hannah Croft. Akalisoma kwa sauti, mara mbili. Alisimama hivyo mpaka mikono ikaanza kumuuma, maana akiishusha tu, halisomeki tena.