Haijasoma, Bibi, Bonyeza Tena

Kuna kijana nilimweka moyoni tangu mwaka ule walipotuambia kila mwenye laini ya simu akasajili kwa kidole. Alikuwa anakaa sokoni Shinyanga chini ya mwamvuli, fulana imembana, mashine ndogo mkononi. Nikapanga foleni, jua linanichoma utosi, vitumbua vyangu nimemwachia jirani yangu Melania. Zamu yangu ilipofika akanishika kidole gumba kama anashika kitu kilichooza.

"Haijasoma, bibi. Bonyeza tena."

Nikabonyeza.

"Haijasoma. Futa hapo, bonyeza kwa nguvu."

Nikafuta kwenye khanga, nikabonyeza. Tena. Na tena. Akawageukia wa foleni: "Jamani, bibi huyu kidole kimelika kama kisigino! Bibi, alama zako umezipeleka wapi? Umezila?"

Watu wakacheka. Na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akacheka, kana kwamba yeye hatazeeka.

Nikamwambia, "Kidole changu kimelika kwa kugeuza vitumbua. Chako kitalika kwa nini?"

Akacheka zaidi. Kicheko chake kilikuwa cha puani, kama mbuzi aliyepaliwa. "Haijasoma, bibi. Bonyeza tena."

Mwishowe akasema imesoma. Waliniambia, Mama Sufiani, kijana alikuwa anatania, achana naye. Mie siachani na mtu hivyo. Kila nikipita sokoni nilikuwa nautazama ule mwamvuli, na siku ulipohamishwa nikawa napatazama mahali ulipokuwa. Mtu akikucheka mbele ya watu, kuna kitu amekuchukulia. Sikujua tu kwamba huyu alichukua na kingine.

Jina langu Zuhura. Baba yangu alikuwa Mmanyema aliyekuja na kazi ya reli, mama Mnyamwezi wa Tabora, mie nikazaliwa hapa hapa. Chuoni nilisoma Kurani, shule niliiacha mapema. Kusoma kwangu ni kwa kubabaisha, ila namba nazijua. Mume nimezika. Mwanangu Sufiani yuko Nkome, ziwani, anaanika dagaa. Nakaa peke yangu pembeni ya mji, kule nyumba zinapoanza kuchanganyika na mashamba ya pamba, na majirani zangu karibu wote Wasukuma. Tuliishi vizuri.

Napikia kuni. Moshi umenifanya macho mekundu. Basi hapo mnielewe. Huku kwetu bibi anayekaa peke yake, mwenye macho mekundu, inatakiwa ajichunge. Akisemwa neno moja, mchawi, hata awe anaswali sala tano, lile neno litamfuata mpaka mlangoni limeshika panga. Nilimjua mmoja, tulikuwa tunachota naye maji. Jina lake silitaji. Ameshazikwa.

Kwangu ilianza na kuku. Alfajiri moja nafungua mlango niwashe jiko, nakuta kuku mweusi kafungwa miguu kizingitini, kafunikwa kitambaa cheupe. Nikasema mtu kakosea nyumba. Nikamfungua, akakimbilia kwa jirani, na jirani akamrudisha kwa fimbo, hataki hata kumgusa. Baadaye akaletwa mwingine. Halafu wakaanza kuja watu nisiowajua, viatu vimejaa vumbi la machimbo. Wanasimama mbali, wanauliza watoto, "Bibi Zuhura ndiyo anakaa hapa?" Nikitoka, wanainamisha macho. Wengine wanageuza na kuondoka bila neno.

Wateja wakakatika. Asubuhi natandaza vitumbua, jioni navila mwenyewe mpaka vinanikaba.

Siku moja Melania akaja akakaa kwenye kigoda changu. "Mayu," akaniita, wao ndivyo wanavyomwita mama, "kisimani wanasema wewe unatoa ndagu."

Ndagu ni dawa ya kuvuta utajiri. Wachimbaji wanaitaka ili dhahabu ije, na wanasema lazima ilipwe kwa damu. Nikacheka. Halafu nikaona mwenzangu hacheki.

"Nani anasema?"

"Wote."

"Na wewe?"

"Ningekuwa nasema, ningekuja kukaa hapa nile vitumbua vyako?"

Lakini kitumbua nilichompa alikuwa kakishika tu. Hajakiuma.

Baada ya hapo mzee Charles, mtemi wa sungusungu wetu, akanitumia ujumbe. Jumamosi kuna mkutano uwanja wa mnada, nije nijieleze. Sungusungu ndio ulinzi wetu wa jadi. Wakikutenga, hakuna atakayekupa hata kaa la moto, na hiyo ndiyo hukumu ya huruma. Nyingine hawaisemi hadharani. Kuna vijana wanaifanya, halafu asubuhi kila mtu anashangaa.

Nikampigia Sufiani. "Mama, panda gari uje huku," akasema. Nikamjibu, "Nikikimbia nimekubali." Maneno makubwa, lakini nilipokata simu nilikuta nimemwaga unga wote wa kukanda. Nikawa naegemeza kinu mlangoni mchana kweupe. Nikisikia bodaboda inapunguza mwendo, nashika mchi.

Siku chache kabla ya hiyo Jumamosi, baada ya adhuhuri, nimetoa kinu nimwage maji, namwona kijana mrefu kasimama mlangoni. Kwapani ana mfuko wa salfeti, na mpini umechungulia. Nyumba yangu ina mlango mmoja tu.

Akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

Mtu kaja na panga, na bado anakuamkia kwa goti! Ananiogopa kama ninavyomwogopa. Nikaitikia marahaba, macho kwenye mpini.

"Mimi Abel. Nimetoka machimboni, Geita. Mdogo wangu amekatwa mguu. Ulimwambia ashuke shimoni bila kufunga matimba, kwamba dawa yako itashika ukuta."

"Matimba ni nini, baba?"

"Usinichezee, bibi! Magogo ya kuzuia shimo lisianguke. Akakusikiliza. Likamwangukia."

"Nilimwambia nikiwa wapi?"

Akatoa simu yake kubwa, akaninyooshea huku mkono umejificha nusu, kama anamlisha mbwa mkali. Mle ndani kulikuwa na picha ya kikongwe mwenye shanga, anatabasamu. Akanisomea maandishi: Bibi Zuhura wa Shinyanga, Mama wa Dhahabu. Chini kuna namba.

"Huyo ana meno," nikasema. "Mie nina meno?" Nikaachama. Akachungulia, masikini, kwa adabu kabisa.

"Lakini jina ni lako. Ukitaka kutuma hela ya dawa, jina linatokea lenyewe, Zuhura Ramadhani. Simu haidanganyi."

"Basi ipigie."

Akapiga, akafungua spika. Nikachomoa kitochi changu kifuani, kisimu kidogo cha vibonyezo, nikakiweka mkekani katikati yetu. Tukakitazama wote wawili kama tunatazama nyoka. Kule kwake kunaita. Kitochi changu kimya. Mara mtu akapokea, kasauti kembamba ka kujibana, "Mjukuu wangu, kuku umempeleka?"

Abel akanitazama mdomo. Mdomo wangu ulikuwa umefumbwa.

Mfuko ukamteleza kwapani, panga likaanguka sakafuni. Akakata simu, akaanza kulia pale pale. Mie nikaliokota panga, nikaliweka nyuma yangu.

Kesho yake tukaenda mjini, mimi, Abel na Melania, mpaka ofisi ya kampuni ya simu. Pale kuna binti mmoja wa Kihindi anaitwa Khairunisa, kajifunga mtandio vizuri, ana heshima. Nikamweleza, nikamwonya kabisa, "Mwanangu, uwe na subira, kidole changu huwa hakisomi."

Akaniwekea kidole kwenye mashine. "Imesoma, bibi."

"Mara moja?"

"Mara moja."

Nikakitazama kidole changu. Kwa hiyo siku ile kila aliposema haijasoma, ilikuwa imesoma. Nilikuwa nachekwa huku naibiwa.

Khairunisa akageuza kioo chake. "Una laini mbili hapa. Zimesajiliwa siku moja, dakika chache zimepishana."

"Mie nina moja."

"Ya pili ndiyo hiyo ya mganga." Akanieleza taratibu. Huko mtandaoni ukifungua ukurasa unadaiwa namba ya simu. Wanatuma tarakimu kwenye simu hiyo, unazirudisha, ndiyo wanaamini wewe ni mtu kweli. Huyo mwizi hakutaka namba yake ijulikane, akaweka yenye jina langu. "Bibi, kuficha namba yako siyo dhambi. Mimi mwenyewe nauza mitandio mtandaoni, na namba ya nyumbani siitoi, wanaume wanasumbua. Nina laini ya pili ya biashara. Lakini nimeisajili kwa kidole changu."

"Ifungieni!" Melania akadakia. "Ife leo leo."

"Ngoja," nikasema. "Ikifa, Jumamosi nitawaonyesha nini? Binti, hiyo laini ni ya nani?"

"Kwa sheria, ya kwako."

"Basi nipe."

Akanitolea laini mpya yenye namba ile ile, ya yule mwizi ikazima huko ilikokuwa. Tukapita polisi, tukaandikisha. Mpelelezi akasema mwacheni ajilete. Laini ikaingia kwenye kitochi changu.

Heri ningeshika moto. Simu ziliingia mpaka kitochi kikawa cha moto kweli. Mwanamke anasema mume wake kamchinja mbuzi wa mwisho, mbona dhahabu haiji. Mwanaume ananong'ona, anauliza kama damu ya mtoto wa ndugu inafaa. Huyo nilimwita shetani, nikampa mpelelezi namba yake. Wengine nikawajibu, "Mie nauza vitumbua. Fungeni matimba!" Nilikuwa naogopa majirani. Sasa nikaogopa dunia nzima.

Halafu zikaanza kuingia tarakimu. Kitochi kinalia, tarakimu. Kinalia tena, tarakimu. Yule mwizi alikuwa anaugonga mlango wa ukurasa wake mwenyewe, na ufunguo unadondokea kwangu.

Mwisho akapiga. "Shikamoo, bibi! Hapa makao makuu ya mtandao. Kuna tarakimu zimeingia kwako kwa makosa. Hebu nisomee."

"Marahaba. Mie sijui kusoma, mwanangu."

"Mpe mtu akusomee."

"Si zitakuwa za siri? Njoo unisomee mwenyewe. Jumamosi nitakuwa na vitumbua vyangu uwanja wa mnada."

Akacheka, cha puani, kama mbuzi aliyepaliwa.

Nikakitambua pale pale. Miaka yote ile, na kicheko hakijabadilika hata kidogo.

Jumamosi nilienda na sinia langu kichwani. Uwanja umejaa. Vijana wa sungusungu wamesimama na fimbo, wanawake upande wao, na kila nilipopita watu walivuta watoto wao. Mzee Charles akasema, "Mama Sufiani, unasemwa. Jieleze."

"Nangoja mgeni."

"Mgeni gani?"

"Akija mtamwona."

Minong'ono ikapanda. Kijana mmoja, ambaye nimempa vitumbua vya bure tangu anatambaa, nikamwona anaokota jiwe, analigeuza geuza mkononi. Jua linapanda, mgeni haji. Melania alikuwa kasimama kule na wanawake wenzake. Akatazama lile jiwe. Akatoka, akavuka uwanja, akakaa chini kando yangu, akachukua kitumbua akala mbele ya wote. Alikuwa anatetemeka mpaka makombo yanamdondoka.

Bodaboda ikaingia. Akashuka kijana mnene, miwani ya jua, saa inang'aa. Akaona watu wengi na sinia la vitumbua, akadhani ni mnada. Akaja moja kwa moja, hakunikumbuka hata sura.

"Bibi! Leta simu tumalize."

Nikampa. Akabonyeza simu yake kubwa, kitochi changu kikalia mkononi mwake. Akasoma zile tarakimu kwa sauti, anaziandika. Akatabasamu. Ameingia kwenye ukurasa.

"Mtemi," nikasema, "tazama simu yake."

Mzee Charles akamnyang'anya. Kikongwe mwenye shanga na meno yote akatutabasamia pale kiooni. Abel akasimama. "Hebu useme, mjukuu wangu, kuku umempeleka? Sema kwa ile sauti!"

Mwenzetu akataka kukimbia. Fimbo zikamzunguka kila upande, mtu akaita petroli. Yule wa jiwe naye akanyanyua mkono, sasa analielekeza kwake.

"Mwacheni!" nikapiga kelele. Wakadhani ni huruma. "Namtaka mzima. Maiti haijibu." Mpelelezi, aliyekuwa kavaa kiraia kando ya Abel, akamfunga pingu. Mzee Charles akamshurutisha kwanza atamke kwa mdomo wake, mbele ya uwanja wote, kwamba bibi huyu si mganga. Akatamka. Nikamwambia arudie, wa nyuma hawajasikia.

Kituoni nilifuata. Jina lake kumbe Stanslaus. Akajitupa miguuni kwangu. "Bibi, nisamehe. Nilikuwa natafuta maisha tu."

"Na mdogo wake Abel shimoni alikuwa anatafuta nini?"

"Bibi, nakuomba."

"Sina."

Askari akamshika kidole gumba, akakipaka wino, akakigandamiza kwenye karatasi. Kidole kilikuwa kinatetemeka, alama ikatoka imechafuka.

Nikasogea nikatazama.

"Haijasoma," nikasema. "Bonyeza tena."